Karatasi ya sanduku la maswali

Shoga, nimejifungia chooni hapa kazini nikuandikie.

Leo tulikuwa tunawakaribisha waelimishaji wapya wa vijana. Nikawatolea karatasi ya zamani kutoka kwenye lile sanduku tulilokuwa tukipeleka mashuleni, wanafunzi watumbukize maswali bila majina, ili wajizoeze kujibu. Nikasoma: "Nikikataa na yeye asiache, kosa ni la nani?"

Karatasi ikapita mkono kwa mkono. Ilipomfikia binti mmoja kati ya hao wapya, hakuipitisha. Akasema, "Huu mwandiko wangu."

Mwandiko wake, shoga. Wa miaka tisa iliyopita.

Siku ile shuleni kwao kengele ililia kabla hatujaifikia karatasi yake, nikawaambia wanafunzi tutajibu wiki ijayo. Hatukurudi tena.

Nimemwomba radhi mbele ya wote. Akaniambia, "Wiki iliyofuata nilikaa kiti cha mbele nikiwasubiri, dada."