Kuuliza Mara ya Pili

Dada Shukri, abaayo,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Barua hii ikikufikia naomba uwe umekaa kivulini, chai iko karibu, na hakuna anayekuita. Macho ya hooyo, mama yetu, yakoje? Yale matone ya hospitali bado yanamwasha, au sasa ameyazoea? Na wewe je? Maana wewe ukiulizwa habari zako unajibu habari za hooyo, kwa hiyo nakuuliza peke yako, bila hooyo ndani yake: hujambo? Mimi ni mzima, alhamdulillah. Nimenenepa kidogo. Usimwambie hooyo, ataanza kumshukuru Mungu kwa sauti na majirani watadhani nimeoa.

Utashangaa kwa nini naandika kwenye karatasi na simu ipo. Nikituma ujumbe wa sauti, unaufungua katikati ya nyumba, hooyo anasikiliza, watoto wa mama mdogo, Habaryar Dahira, wanasikiliza, na jibu lako linakuwa jibu la kufurahisha watu wote. Hili nataka ulisome peke yako. Kiswahili ndicho tulichofundishwa kuandikia, mimi na wewe. Kisomali chetu ni cha mdomoni, ukikiweka kwenye karatasi kinakimbia. Salim, kijana wa Mombasa ninayelala naye chumba kimoja, anakwenda likizo na ameahidi kuitia barua kwenye basi la Garissa. Na nikutoe hofu mapema: hakuna aliyekufa, sijaumwa, sijafukuzwa. Nakuandikia juu ya chuo cha ualimu, na lile jibu ulilonipa kwenye simu.

Lakini lazima nianze na kazi yangu, ndiyo utaelewa. Najua nyumbani mnasema Noor anapika kwenye meli. Sipiki. Mwambie hooyo tena, kwa mara ya ngapi sijui, kwamba nguruwe sigusi na pombe sibebi. Kazi yangu ni kupanga watu watakaokula pamoja. Meli hii ya watalii ni kubwa kuliko mtaa wetu mzima, na ndani yake wamo watu wengi waliokuja peke yao: wajane, wastaafu, mabinti waliochoka na kazi zao. Wengine huja kwa vikundi, waliosoma shule moja zamani, au wanaopenda kutazama ndege, au wanaocheza karata. Asubuhi napiga simu vyumbani. Nauliza nani angependa meza ya pamoja jioni, nani hali samaki, nani hasikii vizuri sikio la kushoto. Halafu nakaa na tableti yangu nawapanga: huyu anayesema sana nampeleka karibu na yule mkimya, wale wawili waliogombana jana nawatenganisha.

Mwanzoni nilicheka, abaayo. Nilijiuliza ni watu gani hawa wanaohitaji ofisi ili wale na wenzao. Kwetu sahani ikishatua chini watu wanasogea wenyewe, hata aliyekuja kudai ngamia wake. Hapa hata wakikaa meza moja, kila mtu ana sahani yake, na mkono wa mwenzako ukipita juu ya chakula chako ni aibu. Siku moja nilimwambia mpishi mkuu tuwape kikundi cha watu wanane sinia moja la wali na nyama ya mbuzi. Alinitazama kama niliyemwambia awape watu wote kijiko kimoja. Lakini baada ya muda niliacha kucheka. Niliona mzee mmoja mjane akinyoosha tai yake mlangoni kabla ya kwenda kukaa na watu asiowajua, na nikaelewa kwamba hii ni kazi ya maana.

Kosa langu la kwanza nililifanya kwa mwalimu mstaafu aliyekuwa akila peke yake kona ya ukumbi. Nilimpigia simu kumkaribisha kwenye meza ya pamoja, akasema hapana, asante. Sasa wewe fikiria mimi nilivyolelewa. Unamkumbuka mjomba, Abti, akija na lori kutoka Modogashe, vumbi mpaka kwenye kope? Hooyo akimwambia karibu chakula, anasema nimekula, wallahi nimeshiba. Na kila mtu anajua hajaona chakula tangu alfajiri. Hooyo hata hakuwa anamsikia. Alikuwa anaweka sahani huku Abti anakataa, na Abti alikataa mpaka akamaliza kunawa mikono. Basi nami nilijua la kufanya. Kesho yake nilimkaribisha tena yule mwalimu, akakataa. Siku ya tatu nikamwekea kiti kabisa, nikaenda kumchukua mezani kwake huku natabasamu.

Alikwenda kunishtaki. Msimamizi wangu, mama wa Kifilipino mwenye upole wa kutisha, aliniita ofisini na kunikalisha. Aliniambia mgeni amelalamika kwamba kuna mfanyakazi asiyesikia. Nikamweleza habari za kwetu, habari za kukataa kwa heshima. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Hapa, Noor, hapana ni hapana. Ukiuliza mara ya pili unamvunjia mtu heshima." Hakunikaripia. Nikaliweka neno lile kichwani, na nikawa hodari. Nauliza mara moja, nasikia, naandika, napita. Kazi ikawa nyepesi. Nikaanza hata kuona kwamba sisi ndio tunaopoteza muda, kubembelezana mlangoni chai inapoa.

Nikiwa katika uhodari huo ndipo uliponipigia simu. Uliniambia chuo kimekuita, nafasi imetoka, ukaicheka habari yenyewe kana kwamba ni ya jirani. Ukasema mwalimu gani huyu ataanza kusoma akiwa na mvi mbili, na nani atamshika hooyo mkono kwenda kliniki. Mimi nikauliza, nirudi nikae na hooyo, wewe uende? Ukasema, "Hapana, Noor. Sisi tuko sawa. Wewe kaa kazini." Nikasema sawa. Tukaendelea na habari ya mvua. Baadaye kidogo uliniuliza kama vyuo hukubali kumwekea mtu nafasi mwaka mmoja, nami nikakujibu sijui, ulizia. Nilikata simu nikiwa na raha, Shukri. Nilijiambia nimemuuliza dada yangu, amenijibu, mambo yamekwisha.

Halafu ikapanda familia ya Kisomali. Ni nadra sana huku. Baba mmoja anayeishi Ulaya miaka mingi, mkewe, watoto wakubwa, na mama yake mzee. Mjukuu alikuwa amemaliza chuo kikuu, kwa hiyo baba alitaka meza moja ndefu ya familia na marafiki. Nilipiga simu vyumbani kuthibitisha kama kawaida. Chumba cha mama mzee nilisalimia kwa Kisomali, akafurahi mpaka akaniombea dua kabla sijasema nimepiga kwa nini. Nikamuuliza kama atakula na familia jioni. Akasema, "Mimi nimeshiba mwanangu, waache vijana wafurahi." Nikasema sawa, hooyo. Nikaondoa kiti chake, nikampa rafiki wa mjukuu.

Wewe ungejua hapo hapo. Hata mtoto wa Habaryar Dahira angejua.

Jioni nilikuwa nimesimama mlangoni mwa ukumbi. Meza yao imejaa, wanacheka, wanapigana picha. Nikamwona mama mzee anakuja polepole, amevaa shali mpya ya garbasaar ambayo bado ina mikunjo ya dukani, hina mbichi mikononi. Amejiandaa kutwa nzima kwa ajili ya chakula alichokikataa. Alifika, akaitazama ile meza, akatafuta mahali pake kwa macho upande huu na upande ule. Hapakuwa na kiti. Mwanawe alikuwa amempa mgongo, hakumwona. Yeye hakumwita. Alinitazama mimi, akasoma jina langu kifuani.

"Warya, kijana, wewe ndiye uliyenipigia?"

Nikamwambia ndiyo, hooyo.

"Mtoto wa wapi?"

Nikamwambia Garissa, na mama yangu ni wa Modogashe.

"Na huyo mama yako wa Modogashe," akasema, "mtu akisema ameshiba, huondoa sahani?"

Nilikimbia kuchukua kiti, nikawaomba wasogee, akakaa kati ya wajukuu, na alikula vizuri sana kwa mtu aliyeshiba. Mwanawe hata hakujua kilichotokea. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, lakini mimi nilikuwa nimejua. Walipokuwa wanatoka alisimama mbele yangu, akanishika kidevu kama ninavyoshikwa na hooyo. Akasema, "Wewe si mtoto mbaya. Umekaa tu na watu wanaouliza mara moja."

Shukri, sijui nikueleze vipi. Nilisikia aibu, na nilipotafuta ile aibu inatoka wapi, haikuwa kwa mama yule. Yeye alipata kiti. Nilikuwa nakuona wewe. Nilianza kuisikia upya ile simu, na safari hii niliisikia kama mtoto wa nyumba yetu. Mtu anayesema tuko sawa kisha anauliza kama chuo kinaweza kumngoja, huyo hajashiba. Wewe umewafundisha watoto wa chekechea wa mtaa miaka yote hii kwa asante tu, wengine leo wanakupita kwa mishahara. Uliniambia hapana kama Abti anavyosema hapana, na mimi nikaondoa sahani.

Sasa nakuuliza mara ya pili. Nirudi nikae na hooyo, wewe uende chuo?

Najua utaanza kunihesabia matatizo, kwa hiyo nimeyafikiria kabla yako. Hooyo anahitaji mtu wa kumshika mkono, kumpikia, kumtilia dawa na kumsomea ujumbe wa jamaa. Haya yote naweza, na kwa kupika nakushinda, kubali tu. Mambo yanayotaka mwanamke, nimezungumza na Habaryar Dahira; aliniambia mlango wake na wetu ni mmoja, na akashangaa nimechelewa kumuuliza. Kuhusu kazi, Garissa haikosi harusi wala semina, na yule mzee wa hoteli niliyofanyia zamani amesema mtu anayejua kupanga watu mia tatu wale bila kugombana atapata nafasi. Fedha itapungua. Tutakula anjera na chai mara nyingi zaidi kuliko nyama, kama tulivyokua. Sitakudanganya kwamba siumii. Naipenda kazi hii. Naipenda ile dakika ambapo watu wasiojuana wanaanza kupitishiana chumvi. Lakini nimechoka kuwatafutia wageni mahali pa kukaa, na dada yangu yuko mlangoni amesimama.

Usinishukuru, na usilie mbele ya hooyo. Mwambie tu Noor anakuja, umwache afurahi kwanza, mambo ya chuo nitamweleza mwenyewe. Nitafika kabla muhula haujafunguliwa. Barua ya kuitwa chuoni kama umeificha chini ya godoro itoe, uinyooshe.

Nibusie hooyo mikono yote miwili. Mpe salamu Habaryar Dahira, mama yetu wa nyumba ya pili, na watoto wake ambao nimewanunulia peremende, si simu. Abti akipita na lori mwambie mpwa wake anauliza habari za yule ngamia mwenye hasira, na kwamba nakuja Modogashe kunywa maziwa hata akisema hakuna. Mwalimu wetu wa zamani ukikutana naye sokoni mwamkie kwa jina langu, mwambie mwandiko umeharibika lakini mtu yuko. Na shemeji yetu mwenye duka mwambie nilimsikia alivyosema sitarudi.

Nilitaka nifungie hapo, lakini nakujua. Ukimaliza kusoma utachukua simu, utasema hapana, Noor, nenda ofisini sasa hivi uwaambie umebadili mawazo. Haiwezekani, abaayo. Siku chache baada ya jioni ya mama yule, msimamizi alipita akituuliza mmoja mmoja kama tunarudi msimu ujao. Nikamwambia hapana. Nilisimama pale kidogo, sitakuficha, nikingoja aniulize tena, maana moyoni nilikuwa na mengi ya kusema. Aliandika hapana, akanishukuru kwa kazi nzuri, akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Nduguyo akupendaye,

Noor