Nilimwinamia straika

...mkono ukaja, na mimi nikashusha kichwa. Hivyo tu. Kona ikapita juu ya kisogo changu, baba mdogo akaruka, akaupiga kichwa, mpira wavuni. Uwanja mzima pale Moshono ulicheka mpaka mbwa wakaanza kubweka.

Hiyo ilikuwa wiki mbili zilizopita. Leo ni Jumamosi, jioni, mvua imekata, mlima umetoka wote mpaka kichwani. Nimekaa kitandani na barafu kwenye goti. Nina furaha, nataka niiandike kabla haijapoa.

Kwa ambaye hanijui, mimi ni beki wa kati. Niko kwenye majaribio ya mwezi mmoja na timu moja hapa mjini, na leo ilikuwa mechi ya mwisho ya hayo majaribio. Shule niliishia la tano, nikapewa ng'ombe wa baba kule kwetu Oldonyosambu, kwa hiyo mkiona nimekosea kuandika mnisamehe. Hemedi, kipa wetu, nakaa naye chumba kimoja hapa Kimandolu. Yeye ndiye alinifungulia hii blogu. Alisema, "Wewe huongei, basi andika, la sivyo siku moja utapasuka."

Siongei kweli.

Naangalia. Hiyo ndiyo kazi yangu tangu zamani. Ng'ombe akitaka kutoroka kwenda kwenye mahindi ya watu, sikio linakuambia kabla mguu haujanyanyuka. Straika ni hivyo hivyo, ila yeye ni bega. Ukiliangalia bega lake hakupiti kirahisi. Lakini beki wa kati lazima apige kelele pia, awapange wenzake, na mimi sauti yangu ilikuwa inaishia kooni. Wenzangu walinibatiza Bubu.

Sasa niwaeleze hilo la kuinama, maana watu wa Dar walioona video ya lile goli kwenye simu walidhani nimerogwa.

Sisi Waarusha, mtu wa rika la baba akikunyooshea mkono, unashusha kichwa anakugusa utosini. Ndiyo salamu. Nimeinama hivyo tangu sijajua kutembea vizuri. Shingo yangu haisubiri niiambie. Na yule straika wa timu ya wageni tuliocheza nao siku hiyo, yule mzee mwenye kipara, ni Lomayani, baba yangu mdogo wa damu. Amecheza mpira miaka mingi, miguu imechoka, akili haijachoka hata kidogo. Wakati kona inapigwa alinisogelea, akaninyooshea mkono kwa upole kama tuko kwenye harusi. Refa alisema hajaona kosa, kugusa kichwa siyo kusukuma.

Kocha hakunigombeza. Ndiyo kilichoniuma. Aliniuliza tu, "Chalii, hivi pale ulikuwa unasali?" Timu nzima ilikufa kwa kicheko. Mimi nikaangalia viatu.

Halafu akasema wale watarudi tucheze nao tena, na yule mzee atakuwepo. "Ukimkaba, unasaini. Ukimwinamia tena, nakutafutia usafiri mwenyewe urudi kwa ng'ombe."

Siku zile sikuwa na hamu ya kula. Siyo kwamba nawachukia ng'ombe. Ni kwamba nilishaaga kijiji kizima. Watoto wa kule walishaanza kujiita jina langu wakicheza.

Nilifikiria kumpigia baba mdogo nimwombe asinifanyie vile tena. Nikaona aibu. Nikampigia mama. Mama hajui ofsaidi ni nini, ila nilimsimulia yote, akasikiliza, akauliza kitu kimoja tu.

"Kabla ya huo mpira wenu kuanza, ulimsalimia?"

Nikamwambia hapana.

Ukweli ni kwamba nilimwona. Alikuwa amekaa pembeni ya uzio anafunga kamba za viatu, na mimi nilijificha nyuma ya Hemedi nikajifanya navuta soksi. Siyo dharau, ni haya tu. Watu walikuwa wengi, sikutaka waniangalie nikiinama.

"Basi alikuwa anakudai salamu," mama akasema. "Wewe ulimkimbia, yeye akaifuata hukohuko. Unamlaumu nini?"

Sijawahi kuwa na kocha kama mama.

Leo asubuhi nilitoka mapema. Wageni walipofika nilikuwa nimeshasimama getini na jezi yangu. Wote waliteremka kwenye basi wakinicheka, maana wanaijua ile video. Baba mdogo akashuka wa mwisho. Nilimfuata mbele ya watu wote, wachezaji wao, wachezaji wetu, mama wa maandazi, kila mtu. Nikashusha kichwa.

"Shikamoo, baba mdogo."

Alinigusa utosini akasema marahaba. Halafu akaniangalia sana, kama mtu aliyegundua mfuko wake umetoboka. Akacheka peke yake. "Nani kakufundisha?"

"Mama."

"Nilijua. Yule mwanamke hafai."

Mechi ilikuwa ngumu, sitadanganya. Kuna mzee anajua ubaya kama baba mdogo? Alinivuta jezi, alinikanyaga kidole, alinihoji habari za mbuzi wake mpira ukiwa hewani. Mara moja alinipita kabisa, bega lilienda kushoto na yeye akaenda kulia, akagonga mwamba. Nilimshukuru Mungu na ule mwamba pamoja. Ila zile nyingine zote nilimkuta. Sisi tukapata goli moja kipindi cha pili.

Dakika za mwisho wakapata kona.

Mashabiki walikuwa wanaisubiri hiyo kona kuliko goli lenyewe. Wakaanza, "Inama! Inama! Inama!" Hata wa kwetu. Mama wa maandazi naye alikuwa anapiga sufuria. Kocha alisimama mikono kichwani. Baba mdogo akaja taratibu, uso wa upole kabisa, mkono huo.

"Mwanangu. Lete kichwa."

Shingo ilianza kushuka. Naapa, ilianza yenyewe. Halafu nikakumbuka kwamba hanidai.

"Nilishakusalimia asubuhi, baba mdogo!"

Ilitoka kubwa. Sijui ilikaa wapi siku zote hizo. Na kwa kuwa mdomo ulikuwa tayari wazi nikaendelea. "Hemedi, baki! Huu wangu!" Nikaruka. Mkono wa baba mdogo ukabaki unaning'inia pale chini bila kazi, na mimi nikaupiga ule mpira kwa kichwa kilekile mpaka ukatoka nje ya uzio, ukaingia kwenye migomba ya watu.

Filimbi ilipolia Hemedi alinibeba. Nilimwambia anishushe, goti linauma, akasema, "Bubu anaongea! Ongea tena!" Nikakosa la kusema. Siwezi kubadilika mzima siku moja.

Baba mdogo alikuja akiwa na matope mpaka kwenye kipara. Safari hii hakuninyooshea mkono kichwani. Alinipa mkono kama mtu anavyompa mtu wa rika lake, akanishika kwa nguvu. "Hii ni ya uwanjani tu," akasema. "Usizoee."

Kocha alinipa karatasi za mkataba kwenye bahasha ya kaki. Akasema nisome vizuri, nimrudishie Jumatatu na saini. Mimi kusoma ni polepole, kwa hiyo Hemedi amenisomea mara mbili kwa sauti. Kila akifika pale jina langu limeandikwa namwambia arudie. Ameshachoka.

Kalamu ninayo hapa. Nilitaka kusaini leo leo, mkono ulikuwa unawasha. Ila baba mdogo amenikataza. Kasema alisaini wa kwake wa kwanza bila mtu wa nyumbani kujua, na mpaka leo bibi anamkumbusha kila Krismasi.

Sasa ninajiuliza, hivi Jumatatu nikishasaini, watu wataendelea kuniita Bubu? Na nikishazoea kupiga kelele, mama atanitambua kwenye simu?

Inabidi niishie hapa. Baba mdogo yuko nje na pikipiki yake, anapiga honi majirani wameanza kuchungulia. Tunapanda nyumbani kabla giza halijaingia, mama na bibi wasikie huo mkataba ukisomwa ndipo nisaini. Bibi ameshatoa kigoda chake nje anasubiri, na nimeambiwa ameuliza kama ni kweli kuna mjukuu wake mmoja siku hizi anakataa kushusha kichwa.

Barafu nimetoa. Naenda kuinama.