Mistari Miwili Isiyoota

Mutomo,
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu mpendwa Kanyiva,

Pokea salamu kutoka kwetu sote. Natumaini huko Kikima mko wazima na kile kikohozi chako kimekuacha. Sisi tuna afya, tunamshukuru Mungu. Simu ningepiga, lakini haya yangenishinda mdomoni.

Anayekuletea barua amebeba mkebe wa ndengu za shamba letu. Tumevuna magunia matatu. Tangu kazi ya mjengo iishe, Musembi alikuwa hata haketi na wanaume wenzake. Sasa amelipa karo ya mtoto wetu Kasyoka na anacheka tena, ingawa vichekesho vyake ni vilevile vya zamani. Nina furaha, dada.

Uliposikia tumevuna ulinipigia ukasema mbegu za marehemu mama zina baraka, nami nikaitikia amina. Amina ile imenikaa kooni mpaka leo.

Mbegu za mama sikuzipanda. Zile ulizonitumia mwezi wa tisa nilizipika. Watoto walikuwa wamelalia chai ya rangi siku mbili, na dukani walikuwa wametuchoka. Niliziosha yale majivu ya kuzuia wadudu, nikachemsha, tukala. Zilikuwa tamu, nami nililia nikila.

Wiki iliyofuata ikawa zamu yangu ya mwethya. Unajua akina mama wa kikundi wakija kukulimia na huna mbegu, zamu inaenda kwa mwingine na habari inaenda kanisani. Basi nikajifunga leso, nikatembea nyuma ya ng'ombe wa plau nikifungua na kufunga mkono mtupu. Nilijiambia shamba likishalimwa, mbegu nitaomba baadaye. Jirani yangu Mwongeli alinifuata akifukia kwa mguu. Baada ya mistari miwili akasema amesahau maji, akaenda kwake. Nilijua ameenda kunitangaza, maana mdomo wake haujawahi kulala njaa. Akarudi na kikapu chake cha kyondo begani, akaendelea kunifuata akifukia.

Mvua ikanyesha. Siku ya sita nilienda shambani kutafuta la kumwambia Musembi, nikakuta ndengu zimeota kote, isipokuwa mistari miwili ya kwanza. Nilikaa chini pale pale kwenye matope.

Nilipomwendea Mwongeli, nikaona kipande chake cha karibu na mto kimelala bila kupandwa. Alisema udongo wa huko ni mbaya, kisha akaniuliza kama nina chumvi. Tulipovuna nilimpelekea gunia zima. Alichukua nusu, akaniagiza ile nyingine niiweke mbegu, niichanganye na majivu, tena niiweke mbali na sufuria.

Nisamehe, dada. Kama umebakisha mbegu za mama hata kiganja kimoja, usinitumie mimi. Mtumie Mwongeli.

Msalimie shemeji na watoto, na Mungu awatunze.

Mdogo wako anayekupenda,
Kasiva