Mwalimu wa Mvua

Jumapili. Upepo wa baridi tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye sufuria. Leo nitaandika pole pole, nisiruke kitu.

Mimi ni mtu wa kimya. Darasani nikiulizwa kwa Kiingereza, jibu linanijia kwa Kifaransa cha Uvira, kwetu Kongo, na nikimaliza kulipanga mwalimu ameshaita mwingine. Lakini bombani, kwenye foleni na bidoni zetu za maji, watoto wadogo, ambao huniita yaya, dada mkubwa, wananisikiliza. Ndipo nilipoanza kuwasimulia nchi niliyoitunga mwenyewe, ambako watoto wanasomea uchawi kama sisi tunavyosomea hesabu.

Shule yenyewe ni ya kawaida kabisa. Kuna kengele, kuna uniformu, kuna prefe, mkuu wa shule, mkali, anayesubiri wachelewaji mlangoni. Mtu asiye na uchawi anaitwa mkavu. Maneno ya uchawi yanaitwa kazi, na ukikosea kazi yako unafagia uwanja. Nilidhani watapenda kugeuza mawe kuwa mikate. Hapana. Walichopenda ni kwamba kila mtoto ana dawati lake. Dieume, mtoto wa jirani yetu, haamini mpaka leo. Lake peke yake? Hata mdogo wake hakai hapo?

Masomo ni ya usiku, kwa sababu mchana wanafunzi wanachota maji kama sisi. Na mwalimu wa mvua nilimpa sura ya Mukecuru, bibi Mnyarwanda anayeishi peke yake nyuma ya nyumba yetu. Kitambaa chake cha njano, ule mkono anaouweka kiunoni akitembea. Nilifanya hivyo kwa sababu nampenda.

Sikufikiri.

Hapa kambini kila mtu anajua kinachosemwa juu ya wazee walio peke yao: kwamba usiku wanawachukua watoto wa watu na kuwafundisha uchawi. Nimekisikia kanisani, nimekisikia sokoni kwa Wamalawi. Naijua nyumba iliyochomwa kwa maneno hayo tu. Nilijua, na bado nikatunga.

Leo baada ya ibada Mama Dieume alisimama mbele ya mlango wa Mukecuru, wamama wengine nyuma yake.

"We mukecuru, batoto yetu unabapelekaka wapi na busiku? Dieume anasema njo we unamufundishaka!"

"Mi?" Mukecuru alisema. "Mi hata ku choo naogopaka kwenda na busiku."

Mtu mmoja alicheka, wengine hawakumfuata. Kijana mmoja alikuwa ameokota tofali.

Nilitaka kusema hadithi ni yangu. Mdomo ulifunguka, sauti haikutoka. Ilikuwa kama darasani, ila safari hii hakuna mwingine wa kuitwa.

Basi nikafanya kile ninachokiweza. Nikaita majina, kama ninavyoyaita bombani kabla ya hadithi kuanza, kila mmoja aitike kwamba yupo.

"Dieume!"

"Prezan!" Akachomoka nyuma ya kikwembe alichojifunga mama yake.

"Riziki!"

"Prezan!"

Wakaitika wote, mmoja mmoja, wakicheka. Kisha nikauliza lile swali ninalouliza kila mara.

"Shule iko wapi?"

"Mu kichwa ya yaya Neema!"

"Kumbe ni hadisi?" Mama Dieume alinigeukia. "We Neema, ulitaka tuue muntu?"

Yule kijana akaliweka tofali juu ya ukuta, taratibu, kama aliyekuja kujenga. Hakuna aliyemwomba Mukecuru msamaha. Mama mmoja, akiondoka, alimwambia mama yangu anilete kwa maombi ya kutoa pepo. Hakumtazama Mukecuru tena. Alinitazama mimi.

Alasiri mpwa wa Mukecuru alikuja kutoka Biwi, kule Lilongwe, kumchukua. Mwenye kabaza, teksi ya baiskeli, alikuwa tayari amefunga mzigo wake nyuma. Nilienda kuomba msamaha, nikajikuta nakaza kamba ya mzigo.

"Mule mu shule yako," Mukecuru aliniuliza, "mi nafundishaka nini?"

"Kuita mvua."

"Banafunzi yangu banapitaka?"

"Bote."

Akafunga kitambaa chake vizuri. Nilidhani anatabasamu.

"Basi unifukuze kazi, mutoto yangu. Bantu basinione tena mule."

Nikaitikia kwa kichwa. Akaondoka.

Mlango wake sasa una kufuli. Mama hajanisemesha tangu mchana. Anataka niache hadithi kabisa, na labda ana haki. Sijui kama nilimwokoa Mukecuru au nilimfukuza kwake.

Ninachojua ni kwamba kesho, kwenye foleni, watoto wataniuliza mwalimu wa mvua yuko wapi. Nitawaambia amestaafu. Watauliza nani anafundisha sasa.

Nitasema ni mimi. Kwa sauti, hata kama mama zao wamesimama pale pale.