Mguu wa Mti

Makanyagio, Mpanda
Mei 1956

Mpendwa Mama Ubaldo,

Salamu nyingi kwako, kwa mtoto wetu na kwa mama huko Kibaoni. Huku mvua zimekatika na vumbi la mgodini limeanza kutuingia puani. Je, mpunga mmeshavuna?

Unaniuliza kwa nini sikuja likizo. Romana, usishtuke. Kabla ya Krismasi jiwe liliniangukia shimoni, na hospitali wakanikata mguu wa kushoto chini ya goti. Niliogopa kukuandikia kabla sijaweza kusimama.

Fundi seremala alinichongea mguu wa mti. Kila alfajiri najilazimisha kutembea nao, hata siku ambazo kigutu kinavuja damu. Mwanzoni nilikuwa naishia mlangoni tu. Sasa nafika kisimani na kurudi bila mtu wa kunishika. Wenzangu walikuwa wanakuja kunitazama, lakini siku hizi hawaji. Jioni huwa naongea peke yangu, angalau nisikie sauti ya mtu.

Nilitaka nifike nyumbani natembea, ndipo ujue. Jana nilikwenda hadi linaposimama lori la Kibaoni. Dereva akaniambia, "Panda, bwana, tunaondoka." Kupanda kusingenishinda, ila niliwaza utakavyonitazama, nikarudi.

Kutembea nimejifunza mwenyewe. Hili la kuja kwako siliwezi peke yangu. Njoo unichukue, Mama Ubaldo. Ukipiga hodi, mlango nitaufungua mimi.

Ni mimi mumeo,
Makarius