Jumuiya Imesali Kwangu

Alhamisi jioni, Aprili. Kisondela.

Mvua ya leo imeanza kabla ya kupambazuka na mpaka sasa inanyesha tu, ile yetu ya Rungwe isiyo na haraka. Migomba imeinama. Nimekaa jikoni karibu na moto, mwanangu Lusekelo kalala mapajani, na nyumba bado inanuka makoti ya watu waliolowa.

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, jumuiya imesali kwangu.

Kwa msiojua, jumuiya yetu ni majirani wa kanisa moja. Kila Alhamisi tunasali nyumba kwa nyumba, tukifuata njia. Ukitoka kwa Mama Tusa unakuja kwangu, kisha kwa Mama Anyisile, kiongozi wetu. Ila tangu ionekane Lusekelo hakai wala hashiki shingo, sala ikitoka kwa Mama Tusa inatangazwa kwa Mama Anyisile. Nyumba yangu inarukwa kama dimbwi. Mwanzo nilidhani wamesahau, nikanyamaza. Kunyamaza nako ni kazi, jamani.

Hospitali walisema ni mtindio wa ubongo. Baba yake yuko Chunya machimboni. Anapiga simu, anauliza anaendeleaje, nasema Mungu anasaidia, tunakata. Anayekuja hapa ni dada wa mazoezi kutoka hospitali, siku ambazo pikipiki inaweza kupita. Amenifundisha kumkalisha katikati ya miguu yangu ninapomenya ndizi, mgongo wake kwenye tumbo langu, ili shingo ijifunze. Anasema mtoto wa miaka mitatu ni udongo wenye maji bado, nisichelewe. Basi namenya ndizi, kichwa kinaanguka kifuani, nakiinua. Kinaanguka tena.

Alhamisi iliyopita sala ilikuwa kwa Mama Tusa. Lusekelo alikuwa na kikohozi, nikabaki naye. Wimbo ukavuka migomba ukaingia humu ndani, na yeye akainua kichwa.

Mwenyewe.

Akakishika mpaka ubeti ukaisha, macho yanatazama mlangoni. Nililia, kusema kweli. Kesho yake nikambeba mgongoni tukaenda kwa Mama Anyisile.

"Mbona mnaniruka?" nikamuuliza.

"Dada, tulikuhurumia. Una mtoto huyo, bado uanze kuhangaika na chai ya watu?"

"Chai inapikwa na moto, haipikwi na Lusekelo."

Akacheka kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba wengine wanahofia mtoto akianza kupiga kelele sala itaharibika.

"Baba Anyisile anakoroma kila mara Neno likianza kusomwa," nikamwambia. "Mbona haijaharibika?"

Hapo alicheka mpaka akashika ukuta. "Haya, mwe. Alhamisi tunakuja kwako."

Na leo wamekuja, na mvua hiyo yote. Nilichemsha magimbi, nikaazima mabenchi, nikamkalisha Lusekelo mbele yangu kwenye mkeka, uso kwa watu. Akina mama wakajaa kwenye mabenchi, wakabanana. Kwenye mkeka wangu hakukaa mtu.

Mama Tusa aliomba. Aliomba vizuri, kwa machozi: Bwana, mwondolee dada yetu mzigo huu. Wote wakasema amina. Mimi nikamvuta Lusekelo karibu zaidi. Mzigo ninao, Bwana anaujua, lakini siyo yule niliyekuwa nimemshika.

Halafu wimbo wa toba. Sisi wimbo huo tunauimba tumefumba macho, ndivyo tulivyolelewa, kufumbua ni kumkosea Mungu adabu. Mimi leo nimefumbua. Mungu anisamehe, au labda ndiye aliyenifumbua.

Kichwa kilipanda. Taratibu, kikitetemeka, kikasimama. Lusekelo akawatazama wote, uso mmoja baada ya mwingine, kama anayesalimia kanisani. Kwa Mama Anyisile akakawia, akatabasamu.

Hakuna aliyemwona.

Wimbo ukaisha, kichwa kikaanguka, macho yakafumbuliwa. Maneno yalinifika mdomoni. Lakini mmoja alishaanza kusifia magimbi, vikombe vikaanza kuzunguka, wakasema ndaga fijo, asante sana dada, wakajifunika wakaondoka na mvua yao.

Nyumba ilikuwa imejaa, na sijawahi kuwa mpweke hivyo.

Kwa nini sikusema? Nadhani niliogopa wangenitazama kwa ile huruma, wakaniambia dada, ndiyo, Mungu ni mwema, huku hawaniamini. Ningebaki na furaha yangu imeingia doa. Nikaona bora nibaki nayo mwenyewe. Sasa ninayo, na ni nzito kuliko mtoto.

Kesho asubuhi nitarudi kwa Mama Anyisile kabla hajaenda shamba. Nitamwambia: Lusekelo alikutabasamia jana, na wewe umefumba macho. Asiponiamini, nitakaa chini hapo hapo uani kwake, nimweke mtoto katikati ya miguu yangu, nimwombe yeye mama aimbe.

Aimbe akimwangalia.