Ushuru wa Mbuzi Ulioniangusha

Mpendwa Mama Mwende,

Leo nimefagia uwanja mwenyewe. Simu iko mezani tangu asubuhi na haijalia. Ulikuwa ukiniomba niizime tule kwanza. Siku hizi nakula nikiitazama.

Unakumbuka nilivyokuletea habari ya ushuru wa mbuzi? Nilikuwa mwakilishi wa wadi na kiongozi wa chama chetu katika bunge la kaunti, na wakubwa walitaka kila mbuzi anayeingia sokoni Ikutha alipiwe mara mbili ya zamani. Nilikueleza jikoni kwamba pesa hizo zitatuchimbia kisima. Uliendelea kuchagua maharagwe.

"Baba Mwende," ukasema, "mtu anauza mbuzi kwa sababu ana shida. Na wewe unataka kumngojea pale pale kwenye shida yake?"

Nikakuambia siasa huielewi. Kesho yake nilisimama bungeni nikautetea, ukapita.

Chama kikapasuka. Mutua, aliyesimama nami siku ya harusi yetu, akawaongoza waliopinga. Nilimwita msaliti mbele ya umati, nawe ukiwa umeketi mstari wa mbele. Uliinamisha kichwa.

Halafu ukapeleka beberu wetu sokoni. Karani alitaka kukupitisha bure kwa kuwa wewe ni mke wa mheshimiwa. Ulikataa, ukalipa watu wote wakiona. Ulidhani watajua hatujipendelei, kumbe uliwatonesha kidonda. Jumapili kanisani wanawake wenzako walikuachia benchi zima.

"Leo nimeimba peke yangu," uliniambia tulipofika nyumbani.

Nilikuwa nikipiga hesabu ya kura za wajumbe wa chama. Nikakujibu, "Watazoea."

Presha ilipokuzidi nilikuwa Nairobi, hotelini, nikiwabembeleza wajumbe wasihamie kwa Mutua. Mwende alinipigia mara tatu. Nikamwandikia kwamba niko mkutanoni. Nilipotoka ulikuwa umeshatuacha, na wajumbe wale walikuwa wameshaenda kwa Mutua. Hatukuwa tumemaliza matanga waliponivua uongozi. Kwenye mchujo wa kuteua mgombea, watu wa wadi wakamalizia kazi. Ushuru wenyewe ulifutwa na bunge lililofuata, bila hata mjadala mrefu.

Kiti sikililii tena. Kinachoninyima raha ni lile benchi.

Kwa hiyo Jumapili iliyopita nilimwomba pasta dakika chache. Niliwaambia wanawake kwamba mtu wa kwanza kuupinga ule ushuru ulikuwa wewe, na kwamba nilikunyamazisha. Baada ya ibada Mama Kioko, uliyezoea kuketi naye, alinifuata nje.

"Mbona hakutuambia?" akauliza.

"Angewaambia, angeniaibisha. Alichagua mumchukie yeye."

"Na wewe ukamwacha," akasema, akaenda.

Jana walikuja wanawake saba na majembe. Walipalilia kaburi lako, wakapanga mawe pembeni, wakaimba wimbo mmoja hadi mwisho. Niliwapikia chai nikaitoa nje. Waliniamkia kwa adabu, wakanawa mikono, wakaondoka bila kuionja. Sikuwalaumu. Walikuwa wamekuja kwako.

Ulikuwa umesema kweli, Mama Mwende. Ningekuambia hivyo pale jikoni, ungeacha maharagwe, ungecheka. Sasa nasema hivyo nikiwa nimesimama kwenye udongo ambao wenzako wameulainisha.

Lala salama, mke wangu.

Mumeo,
Baba Mwende